Je, Wajua? Ghorofa 52 Zilizovunjwa kwa Hiari

Je, wajua kwamba kuna benki iliyobomoa makao makuu yake yenyewe, jengo zima la ghorofa 52 lisilo na ufa wala alama ya moto? Ni lile la 270 Park Avenue, New York, lenye mita 216, lililokamilika mwaka 1960 kwa ajili ya kampuni ya Union Carbide. Sifa alizipata zaidi msanifu Gordon Bunshaft, ingawa sehemu kubwa ya michoro ilitoka mikononi mwa mwanamke, Natalie de Blois. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilikarabatiwa upya, likatunukiwa daraja la juu kabisa la majengo yanayojali mazingira. Mwaka 2019 likaanza kuvunjwa!

Kosa lake lilikuwa udogo. Jiji lilikuwa limelegeza kanuni za ujenzi eneo hilo mwaka 2017, na benki hiyo, JPMorgan Chase, ikaona heri ianze upya. Ili iruhusiwe kwenda juu zaidi, ilibidi inunue hewa. Ndiyo, hewa: stesheni ya Grand Central iliyo jirani ni fupi, na ile nafasi ya juu yake ambayo haikujengwa huuzwa kama kiwanja.

Baruti haikufikirika, maana chini ya jengo zinapita reli za stesheni hiyo hiyo. Ndiyo maana hata zamani lifti zilianzia ghorofa ya pili. Chini hapakuwa na pa kuchimba mashimo yake. Basi mafundi walilipunguza kuanzia juu, kipande kwa kipande, hadi 2021.

Jipya lilifunguliwa Oktoba 2025: mita 423, ghorofa 60. Piga hesabu uone. Urefu umekaribia kuwa mara mbili, ghorofa zimeongezeka nane tu. Dari ndizo zilizopanda. Kwa kuwa katikati ya reli sehemu za kukanyaga ni chache, nguzo zake zinaanzia pamoja chini, kisha zinatanuka kwenda juu kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa.

Kabla ya hapo, rekodi ya jengo refu zaidi kubomolewa na wenyewe ilishikwa na Singer Building ya jiji hilo hilo, mita 187, iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani mwaka 1908 na kuvunjwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nayo 270 Park Avenue haikukaa na taji muda mrefu: Singapore ikavunja mnara wa mita 235 hivi.

Lakini kwa ustadi, Wajapani wana lao. Hoteli ya Akasaka Prince, Tokyo, ilipovunjwa mwaka 2012 na 2013, paa liliachwa likiwa kifuniko juu ya jeki. Ghorofa ziliondolewa chini yake, paa likashuka, na wapita njia wakaona hoteli ikifupika bila vumbi. Winchi iliyoteremsha vyuma ilizalisha umeme kwa uzito wa vyuma hivyo hivyo.