Mwanafunzi wa maabara hufundishwaje kulipima jibu la mashine?

Ukienda kupimwa damu katika hospitali ya umma, huenda ukamkuta mwanafunzi akifanya kazi kando ya mhudumu wa maabara. Wanafunzi wa vyuo kama KMTC hufanya mafunzo ya nyanjani katika hospitali hizi. Mojawapo ya mbinu za kuwaandaa ni kujifunza kupitia visa vya wagonjwa.

Kwa mbinu hii, mwalimu huwapa wanafunzi kisa kisicho na jina la mgonjwa, nao hukijadili katika vikundi vidogo. Habari hutolewa hatua kwa hatua, jinsi zinavyofika maabarani.

Tazama mfano huu. Mashine inaonyesha kuwa potasiamu katika damu ya mgonjwa ni milimoli 8 kwa lita. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 3.5 hadi 5, na kikipanda hivyo moyo unaweza kusimama. Mwalimu anauliza: je, utalituma jibu hili kwa daktari?

Wanafunzi wanaomba habari zaidi. Wanaambiwa kwamba mgonjwa amefika kwa miguu yake, anazungumza vizuri na figo zake hazina shida. Kisha wanaona kalisiamu imeshuka mno. Hapo ukweli unajitokeza. Damu ya kuhesabu chembe huwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna kemikali ya kuzuia damu kuganda. Kemikali hiyo ina potasiamu, na hufanya kazi kwa kuishika kalisiamu. Aliyetoa damu alimimina kiasi kutoka kichupa hicho hadi kingine. Mashine haikukosea, ilipima damu iliyokwisha kuchanganyika na kemikali.

Jibu sahihi ni kumjulisha daktari na kuomba damu nyingine. Lau matokeo yale yangetumika, mgonjwa angeweza kupewa insulini ya kushusha potasiamu bila sababu, na sukari yake ikashuka hadi kuhatarisha maisha.

Kitabu humpa mwanafunzi viwango vya kawaida. Kisa humzoesha kuuliza kama jibu linalingana na hali ya mgonjwa. Hata hivyo, visa havichukui nafasi ya mazoezi ya mikono, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1999 ni lazima mhudumu asajiliwe na bodi ya KMLTTB kabla ya kufanya kazi hii.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Taja majina yako kamili kila unapoulizwa. Eleza dawa unazotumia na kama umekula. Ukiombwa damu mara ya pili, una haki ya kuuliza sababu, lakini usidhani kwamba unapotezewa muda. Huenda kuna mtu maabarani aliyekataa kutuma jibu asiloliamini.