Benki iliyoanzia kwa wakulima: somo la Rabobank kwa Kiomboi

Mkulima wa alizeti wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, akienda kuomba mkopo huulizwa dhamana. Asiye na hati ya nyumba wala ya shamba hukwama hapo, na msimu haumsubiri.

Tatizo hilo ni la zamani. Njaa ya mwaka 1846 na 1847 ilipoikumba Ujerumani, meya wa kijijini aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliona wakulima wakiangukia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kali. Mwaka 1864 alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf. Wanachama waliishi eneo moja, wakijuana kwa tabia, na wote walibeba deni la chama kwa pamoja. Viongozi walijitolea, aliyelipwa ni mtunza hesabu. Ziada haikugawanywa, iliingizwa kwenye akiba ya chama.

Wakulima wa Uholanzi waliufuata mfumo huo. Mwaka 1898 vyama vyao viliunda vyombo vikuu viwili, kimoja Utrecht na kingine Eindhoven. Vilipoungana mwaka 1972 ikazaliwa Rabobank, ambayo leo ni benki ya kimataifa yenye uzito mkubwa katika kilimo na chakula, na bado ni ushirika.

Historia hiyo imefika kwetu Tanzania pia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki binafsi yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaundwa. Mwaka 1997 NBC ilivunjwa, na benki mpya ya NMB ikarithi matawi mengi ya wilayani. Mwaka 2005 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa za NMB kwa kundi lililoongozwa na Rabobank, na mwaka 2008 NMB ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baadaye hisa za Rabobank zilihamia Arise, kampuni ya uwekezaji ambayo Rabobank yenyewe ni mmoja wa waanzilishi wake.

Kwa hiyo fedha za wanakijiji wa Ulaya, zilizoanza kidogo kidogo, zilikua hadi kununua sehemu ya benki yetu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisitoboke. Viongozi wa vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) na vya akiba na mikopo (SACCOS) vya Iramba wasome hesabu mbele ya wanachama, na wanachama waweke akiba mara tu wanapouza mavuno. Chama kinachoaminika ndicho dhamana ya mkulima asiye na hati.