Hesabu Iliyoandikwa na Wenye Meli

Mtoto hukariri miaka ya biashara ya utumwa, akafanya mtihani, akasahau. Lakini tangu mwaka 2008 imo katika intaneti orodha iitwayo Slave Voyages, isomwayo bure. Ina safari zaidi ya 36,000 za meli zilizovusha watumwa Bahari ya Atlantiki, nyingine zikitoka Msumbiji.

Mwalimu mwenye simu moja aandike ubaoni safari moja tu: watu waliopakiwa, na walioshuka hai. Watoto watoe wenyewe. Jawabu lao, kwa kawaida, ndio waliokufa njiani.

Kisha waulizwe: Nani aliandika hesabu hizi? Mara nyingi wenye meli na maofisa wa forodha. Basi sauti ya waliofungwa minyororo yatupasa kuitafuta kwingine, hata katika masimulizi ya wazee wetu.