Programu Mpya Kwenye Kompyuta ya Zamani: Chunga Pesa za Duka

Mteja wetu, kama una duka Likoni, Kisauni au Changamwe na unaangalia malipo yako kwenye kompyuta, huenda hili limekukuta: unapakua programu mpya, unabofya, halafu inatokea taarifa ya Kiingereza kwamba faili fulani linaloishia na .dll halipo. Kompyuta haijaharibika. Mara nyingi utakuta ni Windows 7.

Programu haifanyi kazi peke yake. Kila saa inauomba mfumo wa kompyuta uisaidie, iwe ni kufungua faili au kuingia kwenye intaneti. Programu za siku hizi zinaomba huduma ambazo Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, haina. Ni kama kuagiza dukani kitu ambacho muuzaji hajawahi kukisikia.

Sasa hapa ndipo watu wanaponaswa. Mtu analitafuta lile faili mtandaoni, analipata kwenye tovuti asiyoijua, analipachika, na programu inafunguka. Furaha! Lakini faili hilo nalo ni programu, na likiwa limechezewa linaweza kunakili kila herufi unayochapa, pamoja na nywila ya akaunti yako ya biashara. Mwizi wa aina hii hahitaji kuvuka feri kuja kwako.

Hata usipopachika kitu, mashine yenyewe imeachwa wazi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho inayokubali humo ni toleo la 109. Kuanzia 110, Februari 2023, inataka Windows 10 kwenda juu. Na Windows 10 nayo ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ushauri wetu: mambo ya pesa yafanyie kwenye simu yako, kompyuta ibaki ya stoki na barua. Kama ina RAM ya GB 4, mwulize fundi kuhusu Linux Mint, ambayo ni ya bure. Hifadhi kwanza kazi zako kwenye flashi, na mwambie aijaribu kabla ya kufuta chochote, maana printa nyingine za zamani zina ukaidi wake.

Ulishapachika faili la namna hiyo? Badilisha nywila leo, lakini kwa kifaa kingine. Ukiibadilisha kwenye kompyuta ileile, unamkabidhi mwizi nywila mpya. Kisha pitia miamala yako, na ukiona usiyoitambua, tupigie mara moja.