MATUNZO YA BABA HAYAMNYIMI MTOTO TIBA

Ndugu wakimbizi,

Wako akina mama kati yetu ambao baba wa watoto wao ni Warundi wanaokaa Bujumbura, katika mitaa kama Kanyosha. Mmoja wao aliniambia: "Mdogo wangu, nikipokea pesa za baba yake, mtoto ataondolewa kwenye tiba ya bure." Akazikataa, na mtoto anakosa hata maziwa. Hofu hiyo haina msingi. Tuelezane.

1. Mtoto wa chini ya miaka 5. Tarehe 1 Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba watoto hao, pamoja na akina mama wanaojifungua, watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Kinachoangaliwa ni umri wa mtoto. Mapato ya mama hayapimwi, wala pesa anazotoa baba.

2. Cheti cha kuzaliwa. Umri huthibitishwa kwa cheti. Mtoto asiye nacho anaweza kudaiwa malipo hata kama ana mwaka mmoja. Basi mwandikishe mapema kwenye ofisi ya komine, na baba aje amtambue.

3. Mtoto aliyepita miaka 5. Kama baba ni mfanyakazi wa serikali, ana mutueli ya MFP, iliyoanzishwa 1980. Mtoto aliyetambuliwa kisheria anaweza kuandikwa kwenye faili la baba. Lakini pesa za siri, za mkono kwa mkono, hazimwandikishi mtoto popote. Familia zisizo na mutueli zimekuwa zikinunua kadi ya CAM tangu 1984. Bei yake haipandi kwa sababu mama anapokea matunzo.

4. Baba akikataa. Sheria ya watu na familia ya 1993 inawadai wazazi wote wawili kumlea mtoto. Peleka shauri kwenye tribunali ya komine, ukiwa na cheti cha mtoto na mashahidi.

5. Hapa kambini. Kituo cha afya kinamtibu mtu kwa sababu ameandikishwa kuwa mkimbizi. Hakiulizi kama baba ametuma pesa.

Kwa hiyo mama, pokea haki ya mtoto wako bila kujificha. Kila unapopokea, andika tarehe na kiasi kwenye daftari, na baba atie sahihi. Siku akiacha kutoa, daftari hilo litakusaidia mbele ya hakimu.

Ukiwa na swali, mwone mhamasishaji wa jamii wa kartye yako.