Mafundi wa frigo Masisi: masomo yako kwenye simu, soko liko kwenye nganda

Fedha ya koltani ina njia nyingi za kutoka mfukoni, na Bihambwe mojawapo hupitia kwenye frigo. Senta hii iliyo jirani na migodi ya Rubaya, katika milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, inayopandwa kutoka Sake, ina baridi ya kumfanya mgeni avae koti mchana. Hilo halimzuii mchimbaji aliyetoka shimoni kudai bia iliyogandia kidogo shingoni, na mwenye nganda, yaani baa, anajua fika kwamba chupa ya vuguvugu humhamishia mteja kwa jirani. Kwa hiyo kuna frigo, kuna jenereta na paneli za jua za kuziendesha, na kuna mafundi. Upande wa pili wa taaluma hii, ule wa kupasha nyumba joto, huku haupo: joto linatoka kwenye kuni na makala, na hakuna fundi anayelipwa kwa hilo.

Kinachobadilika ni mahali mafundi hawa wanapojifunzia. Desturi ilikuwa kijana kukaa kwa bwana wake Goma, kubeba chupa za gesi na kufagia karakana hadi siku atakaporuhusiwa kushika tochi ya kuchomelea. Sasa anaanza na simu. Kuna video kutoka India na Pakistan ambazo maneno yake hayaeleweki lakini mikono inaeleweka. Kuna kozi za bure za Kifaransa, programu za simu zinazomwonyesha fundi madhara ya kila gesi kwa hali ya hewa, na makundi ya simu ambamo fundi wa Sake hutuma picha ya mota iliyoungua na kujibiwa na mwenzake wa Bukavu au Kampala. Usiku mega zinapokuwa nafuu ndipo masomo yanapopakuliwa.

Huko mbali masomo hayo yana nguvu ya sheria nyuma yake. Marekani hairuhusu mtu kufungua mfumo wa gesi ya ubaridi bila cheti, na ngazi ya chini kabisa, ile ya vifaa vidogo vyenye gesi isiyozidi ratili 5, inaweza kutahiniwa mtu akiwa nyumbani kwake. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2024, umeongeza sharti la fundi kurudi darasani angalau kila baada ya miaka 7, na umeziingiza kwenye cheti hata gesi za asili kama isobutani. Fundi wa Bihambwe anaweza kusoma yale yale, pengine kwa kitabu kile kile. Tofauti ni kwamba mteja wake hana habari na cheti. Anataka kujua kama frigo itakuwa baridi kabla ya jioni.

Hapo ndipo linapotokea lalamiko ambalo muuza gesi na vipuri mmoja wa Goma, mwenye wateja katika senta kadhaa za Masisi, hulirudia kwa kila anayemuuliza habari za masomo ya mtandaoni. Yeye mwenyewe alianza kama fundi. Haamini kwamba masomo hayo ni mabaya. Shida yake ni kwamba yanamfundisha fundi kukataa kazi. Kozi yoyote ya maana itasema: usiongeze gesi kwenye mfumo unaovuja, tafuta tundu kwanza, lizibe, badilisha filta, vuta hewa yote, kisha pima gesi kwa mizani. Fundi aliyeyashika hayo humwambia mwenye nganda kwamba kazi itachukua siku mbili na bei itapanda. Mwenye nganda humshukuru, kisha humwita yule ambaye hajasoma, naye humimina gesi ya R134a kwa kuangalia barafu inavyopanda kwenye bomba, hulipwa na kuondoka. Baada ya wiki chache gesi imetoka tena. Huitwa tena. Kwa hesabu za muuzaji huyu, asiyesoma ndiye mteja wake mzuri zaidi, kwa kuwa hununua gesi ile ile mara kwa mara, na aliyesoma ndiye anayemtia hasara: humwomba aagize mizani ya gramu, pampu ya kuvuta hewa, chupa ya naitrojeni, isobutani safi, halafu haonekani tena kwa sababu mteja wake amekataa bei.

Kuna pia barabara. Chupa ya gesi ya ubaridi ikipanda mlimani kwa pikipiki, muuzaji anasema, kila kizuizi huipa jina lake. Mmoja huiita mafuta na kuilipisha kama mafuta, mwingine huiita gesi ya kupikia, wa tatu huiona bidhaa ya hatari na kudai zaidi. Risiti ya kizuizi kimoja haina thamani kwenye kinachofuata, na mamlaka zinapobadilika, bei hubadilika nazo. Gharama hizo zote humwangukia anayetaka kufanya kazi kwa utaratibu, kwa maana ndiye mwenye mizigo mingi. Asiye na utaratibu hubeba kopo moja mfukoni.

Bila shaka mzee huyu ana maslahi yake. Anawauzia wote wawili, na hakuna aliyemlazimisha kumuuzia yule wa kopo. Lakini hoja yake inaeleza jambo ambalo takwimu za serikali hazilielezi.

Na takwimu zipo. Afisa mmoja anayefuatilia gesi hizi upande wa serikali hujibu karibu kila swali kwa asilimia 67.5. Hicho ndicho kiwango ambacho nchi zinazoendelea, chini ya Mkataba wa Montreal, zilitakiwa kuwa zimefikia mwaka 2025 katika kupunguza gesi za kundi la R22, baada ya asilimia 10 mwaka 2015 na 35 mwaka 2020. Mwaka 2030 zinatakiwa kuachana nazo, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kwa maelezo ya afisa huyo, nchi iko kwenye mstari, na mafunzo ya mafundi, yakiwemo ya mtandaoni, ndiyo yanayoibakiza kwenye mstari.

Inawezekana. Ila asilimia hiyo hupimwa kwa gesi inayoingia kwa kibali, kwenye bandari na mipaka yenye karani. Kivu Kaskazini inapakana na nchi mbili, na sehemu kubwa ya Masisi kwa muda mrefu imeongozwa na yeyote mwenye bunduki nyingi kwa wakati huo. Gesi inayofika Bihambwe haina karani. Haijulikani hata kama kilicho ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa nje, na hilo si jambo dogo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka huko Vietnam na Brazil na kuua watu watatu, baada ya R134a bandia iliyochanganywa na kloridi ya methili kula alumini ya kompresa na kuzaa kemikali inayowaka ikikutana na hewa. Kozi za mtandaoni husimulia kisa hicho vizuri sana. Hazimpi fundi kifaa cha kutambua gesi, na kifaa hicho kina bei ambayo karakana ya mbao pembeni ya barabara haiwezi kuifikiria.

Wala masomo yenyewe si bora kama wanaoyatangaza wanavyodai. Mfano mmoja unatosha. Masomo mengi ya kuvuta hewa humwelekeza mwanafunzi kusubiri hadi sindano ya manometa ishuke kwenye inchi 30 za zebaki. Hiyo ni hesabu ya mtu aliye usawa wa bahari. Goma iko kwenye mita kama 1,500, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, na sindano iliyowekwa sawa kwenye sifuri haiwezi kupita inchi 25 hivi hata kwa pampu mpya. Mlimani Masisi inaishia chini ya hapo. Fundi mwaminifu aliyefuata somo atakaa saa nzima akiamini pampu yake imekufa, au kwamba kuna tundu asiloliona, na huenda akafungua tena maungio yaliyo mazima. Mwenzake wa zamani, ambaye hajawahi kusikia habari ya inchi 30, hufunga bomba na kwenda zake. Anayeandika somo hajawahi kuulizwa na mtu wa mita 2,000, kwa hiyo somo linabaki hivyo.

Palipo na faida ya wazi ni kwenye isobutani, ile R600a. Frigo za mitumba zinazoteremshwa Goma kutoka Ulaya zinazidi kuwa za gesi hiyo, na huwa na gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100, ambazo zinawaka. Fundi aliyezoea R134a huikata mota kwa tochi ya moto kama alivyofundishwa na bwana wake, na gesi iliyobaki kwenye mafuta hushika moto. Aliyetazama hata video moja ya dakika kumi anajua kuitoa nje kwanza, kukata bomba kwa kikatio cha mkono, na kutoijaza R134a mota iliyotengenezwa kwa R600a. Katika karakana ya mbao iliyojaa mapipa ya mafuta ya jenereta, ujuzi huo una thamani kuliko cheti kilichochapishwa kwa rangi, ingawa hakuna anayeulipia zaidi.

Wateja wanaoweza kulipia ujuzi ni wawili, na wote wawili ni wagumu. Wa kwanza ni vituo vya afya. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na frigo za jua zisizo na betri, zinazohifadhi ubaridi kwenye barafu, zimeenea vijijini. Mkoa huu unajua maana ya mnyororo wa baridi kuliko mingi: wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 chanjo ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 60 au zaidi chini ya sifuri. Lakini frigo hizo huja na mkataba, na mkataba huja na fundi wake kutoka mjini. Kijana wa Bihambwe aliyesoma mfumo mzima kwenye simu huachiwa kufuta vumbi kwenye paneli.

Wa pili ni maziwa. Malisho ya Masisi ni maarufu, na maziwa yake hushuka Goma kwenye madumu, juu ya pikipiki, bila kupoozwa. Sehemu nyingine hugeuzwa jibini papo hapo, ile inayouzwa mjini kama jibini ya Goma, ambayo uzuri wake mmoja wa kibiashara ni kwamba haihitaji frigo. Tangi la kupoozea maziwa hadi nyuzi 4 lingempa fundi aliyesoma kazi ya mwaka mzima. Wafugaji wamelizungumzia mara nyingi. Nani ataweka fedha kwenye tangi lisilohamishika, mahali ambapo ng'ombe wenyewe huhamishwa kwa sababu ya risasi, ni swali ambalo hata afisa wa asilimia 67.5 hana jibu lake.

Wanaotangaza masomo husema sheria za gesi zitalifikisha soko pale masomo yalipofika. Ratiba haiwaungi mkono kwa haraka hivyo. Marekebisho ya Mkataba wa Montreal yaliyopitishwa mwaka 2016 Kigali, mji mkuu wa nchi jirani ya Rwanda, yanazitaka nchi za kundi la Kongo kuanza kupunguza gesi za aina ya R134a kwa asilimia 10 mwaka 2029 na 30 mwaka 2035. Bado kuna makopo mengi ya kupandishwa mlimani kabla ya uhaba kumlazimisha mwenye nganda kumsikiliza fundi mwenye mizani. Pengine frigo za R600a zitafanya kazi hiyo mapema zaidi, kwa kuwa hazikubali kujazwa ovyo na mwenye nganda akiunguza mota mbili huanza kuuliza nani amesoma. Muuzaji wa Goma anakubali kwamba maswali hayo yameanza kumfikia. Isobutani, hata hivyo, anasema ataiagiza kwa anayelipa kwanza.