Zawadi ya Kiongozi ni Mali ya Nani?

Ofisa wa serikali apandapo kutoka mji wa Kasese kwenda Bulembia, kando ya mto Nyamwamba, kufungua shule au kuhutubia wananchi, huenda akateremka na mbuzi aliyekabidhiwa mbele ya umati. Desturi hiyo ni njema, na mwenye kumkataa mbuzi hadharani ataonekana mtu wa dharau. Lakini mbuzi huyo ni wa nani?

Sheria ya Maadili ya Uongozi ya mwaka 2002 imejibu pasipo kuzunguka. Zawadi anayopewa kiongozi katika hafla ya umma huhesabiwa kuwa imepewa Serikali, au taasisi anayoiwakilisha, naye hana budi kuitangaza kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, ambaye si yule wa Polisi. Kamisheni anayopewa kwa shughuli yoyote ya mapatano hufuata njia hiyo hiyo. Zawadi ya jamaa au ya rafiki wa kweli inaruhusiwa kwa kadiri ya mila. Sheria haikukusudia kuvunja udugu wa arusi na matanga.

Matata yako kwenye zawadi isiyo na umati. Mfanyabiashara ambaye shehena yake imekwama mpakani Mpondwe, upande wa Bwera, humtafuta wakala wa kumsemea kwa wakubwa, na mara nyingi hupatana kwamba wakala atalipwa jambo likifaulu tu. Mtu wa namna hiyo huanza kwa kuuliza habari za watoto. Ujira wake umefungwa kwenye sahihi ya ofisa, kwa hiyo bahasha huwa kwake chombo cha kazi. Majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku malipo ya aina hiyo kwa washawishi, kwa sababu hiyo hiyo.

Yuko askari wa kizuizini anayejiona kuwa hayamhusu, kwa kuwa maadili ya uongozi huwataja maofisa wakubwa. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 haiulizi cheo. Humshika mtoaji pamoja na mpokeaji, iwe fedha, kuku au ahadi ya kazi kwa shemeji, na adhabu yaweza kufikia kifungo cha miaka 10. Koplo aliyepokea gunia la kahawa ili lori lipite bila kupekuliwa atashtakiwa kwa sheria ile ile inayomshtaki mkuu wake.